Wiki ya Pili ya Karani wa Mizani

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ya kupima kahawa za watu, na siku moja akaamua kujipima mwenyewe.

Jina lake Anande. Alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima, kule kwenye miteremko ya mlima ambako mibuni hukaa chini ya migomba na ukungu huingia bila kubisha hodi. Kwa miaka kumi na tisa hapakuwa na gunia lililoingia ghalani bila kupita mbele ya macho yake. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti inayofika mwisho wa foleni bila kipaza sauti, na wakulima walimheshimu kwa sababu moja tu: hakuwa na uso wa huyu na uso wa yule. Mwenyekiti wa chama akileta kahawa yenye maji, ilirudi. Shemeji yake akileta kahawa yenye maji, ilirudi, na shemeji akanuna mpaka Pasaka. Anande hakujali. Alizoea kusema ukweli wa vitu vya watu, na mtu aliyezoea hivyo huanza kudhani kwamba na ukweli wake mwenyewe anaujua.

Nyumbani alikaa na dada yake, Elinaike, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Elinaike alikuwa mwalimu wa darasa la tatu mpaka asubuhi moja alipoanguka jikoni akikoroga uji. Alipozinduka, upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yamebaki machache, yanatoka moja moja kama watu wanaopita kwenye mlango mwembamba. Hakuwa na mume wala mtoto. Anande naye alikuwa mjane, na wanawe wawili wako mijini, wanapiga simu Jumapili baada ya ibada. Kwa hiyo ni Anande aliyemnyanyua dada yake kila asubuhi kutoka kitandani, akamwosha, akamvika, akamlisha, ndipo akamwachia jirani na kwenda kazini. Kumnyanyua mtu mzima si sawa na kunyanyua gunia. Gunia halioni aibu.

Siku moja alimpeleka Elinaike kliniki ya presha. Nesi wa pale alikuwa Zuwena, mwanamke mfupi wa Kigoma, mwenye mzaha mwingi. Alipomaliza kumpima Elinaike akamgeukia Anande. "Na wewe dada lete mkono, kipimo kisipoe." Anande akacheka, akaunyoosha. Zuwena akapima, akapima tena, na mzaha ukamwisha usoni. Namba ilikuwa mia na sabini kwa mia na tano.

"Dada," akasema, "kumbe leo mgonjwa ndiye aliyekuleta wewe."

Akaandikiwa kidonge kimoja cha kila siku. Akaambiwa apunguze uzito, ahesabu kalori za kila anachokula, ajipime, aziandike namba zote, arudi baada ya miezi mitatu azilete zote. Presha ikikataa kushuka, vidonge vitaongezwa, na kuna mengine zaidi ya vidonge ambayo Zuwena hakuyataja mbele ya Elinaike. Alisema tu, kwa sauti ya chini, akimwangalia dada mtu kwenye kiti chake cha magurudumu: "Ukianguka wewe, huyu atanyanyuliwa na nani?"

Swali hilo Anande alitoka nalo, akapanda nalo bajaji, akalala nalo. Watu wengi huanza kuhesabu chakula ili waonekane vizuri kwenye picha za harusi ya mtu. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba Anande hakuanza kwa ajili ya picha.

Alianza kama alivyofanya kila kitu, kwa gramu. Chati aliyopewa kliniki ilikuwa fotokopi ya fotokopi, ina mkate, ina wali, ina kitu kinaitwa nafaka za kifungua kinywa, lakini haina kiburu, haina mtori, haina machalari, vyakula vyetu vya ndizi. Aliyeiandika hakuwahi kula mlimani. Anande akanunua mizani ndogo ya jikoni, akapima ndizi zikiwa zimemenywa, akapima maharage, akapima parachichi, akaandika chati yake upande wa nyuma. Akapima na mafuta ya kupikia. Hapo ndipo alipogundua kwamba kile alichokiita kijiko kimoja kwa miaka ishirini kilikuwa vijiko vinne. Hakumlaumu mtu. Alicheka peke yake jikoni, Elinaike naye akacheka kwa nusu ya mdomo, na kazi ikaanza.

Na kila asubuhi, saa moja kasorobo, kabla ya kufungua mlango mkubwa wa ghala, alivua viatu akapanda juu ya mizani ya kahawa. Siku ya kwanza ilisoma kilo tisini na sita na nusu. Siku ya pili tisini na tano na nusu. Siku ya nne tisini na nne na ushei. Siku ya saba tisini na tatu na nusu. Kilo tatu kwa wiki moja! Mkulima akikuambia kahawa yake imekauka kwa wiki moja, karani mwenye akili anaingiza mkono guniani. Anande hakuingiza mkono popote. Habari njema huwa hatuidai ushahidi.

Kwenye mazoezi ya kwaya ikawa sherehe. Mama Fue, wa sauti ya pili, alimzungusha mbele ya wenzake kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Anande, unakwisha! Wiki ijayo tutakutafuta kwa tochi." Wengine wakasema sketi imelegea, wengine wakasema shingo imerudi mahali pake. Mmoja akauliza siri ni nini. Anande, ambaye wiki nzima alikuwa na njaa ya kawaida tu na hakuwa na siri yoyote, akajikuta anatoa somo. Alieleza juu ya mafuta, juu ya sukari, juu ya watu wasio na msimamo. Alisema, "Mwili ni kuuamrisha tu." Akamwambia Mama Fue mbele ya watu kwamba tatizo lake yeye ni uvivu wa kuhesabu. Mama Fue akacheka kidogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. Niseme wazi: Anande aliamini kila neno alilolisema. Kujidanganya kunakaa vizuri zaidi kwa mtu mkweli, maana hajazoea kuutafuta uongo ndani yake.

Jumamosi ya wiki ya pili kulikuwa na kipaimara cha binti wa jirani. Anayejua kwetu anajua maana yake. Kipaimara si keki na soda. Ni mbuzi, ni supu kwenye masufuria ambayo mtu angeweza kuogea, ni ndizi za nyama, ni watu wa ukoo waliosafiri usiku kucha ili wakuulize kwa nini huli. Na nyama haitolewi hovyo: kila mtu ana kipande chake kwa kadiri ya undugu wake na mwenye sherehe, na ukikikataa umekataa undugu. Anande hakukataa. Alichukua kipande chake, akakikata nusu, akampa mama aliyekaa pembeni. Akanywa supu bakuli moja, nzito kwa chumvi kama supu ya sherehe inavyotakiwa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, aliipisha kwa adabu, akisema yuko kwenye dawa, na ilikuwa kweli. Aliporudi nyumbani alihesabu yote, gramu kwa gramu, na hesabu ikaja chini ya kiwango. Alilala ameridhika.

Jumatatu, siku ya kumi na mbili, alipanda mizani. Kilo tisini na tano na robo.

Alishuka. Akaivuta, akaipangusa, akapanda tena. Kilo tisini na tano na robo. Akafanya jambo ambalo angefanya mkulima akilalamika: akaleta lile jiwe la chuma la kilo ishirini, lenye muhuri wa wakala wa vipimo, akaliweka juu. Mizani ikasoma ishirini kamili. Mizani ilikuwa nzima. Basi kama mizani ni nzima, mbovu ni nani? Anande alipanda kwa mara ya tatu, akasimama juu ya bamba lile la chuma, mguu mtupu, na machozi yakamtoka bila sauti. Siku kumi na mbili za ndizi za kupimwa. Siku kumi na mbili za kuacha kijiko sufuriani kikimwangalia. Na mwili umejirudishia karibu kilo mbili kwa siku mbili, kana kwamba unamtania.

Kilichofuata ni kitu ambacho hakutaka mtu akijue, lakini mimi nimekijua na nitakisema. Karani wa mizani, aliyewafukuza wakulima kwa kulowesha magunia ili yawe mazito, alianza kuidanganya mizani ili awe mwepesi. Siku hiyo hakunywa maji. Usiku hakula. Jumanne alikuja na gauni la kitambaa chembamba la kulalia ndani ya koti, akavua koti, akavua hereni, akavua na ile saa ya marehemu mumewe. Mizani ikashuka kilo moja na zaidi, naye akafurahi, furaha ya mtu anayejua alichokifanya. Jumatano, katikati ya foleni, dunia ikamzunguka. Alishika gunia la mtu asianguke, akajifanya analipapasa kama limekauka. "Liko vizuri," akasema, ingawa hakuwa amelipima. Mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa. Alipofika nyumbani alikunywa maji kikombe baada ya kikombe, akala, na Alhamisi asubuhi mizani ikamrudishia zote, na nyongeza kidogo.

Siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu, aliirudisha mizani ya jikoni kwenye boksi lake, akaikunja ile chati mara nne, akavisukuma vyote chini ya kitanda. Elinaike alikuwa kwenye kiti chake akitazama. "Mwili wangu haukubali," Anande akamwambia, bila kuulizwa. "Kuna watu tumeumbwa hivi. Mama alikuwa hivi. Bibi alikuwa hivi. Nitakunywa kidonge changu, mengine namwachia Mungu." Alisema kwa sauti ya mtu mnyenyekevu. Ni sauti nzuri sana hiyo, inaweza kufunika mambo mengi.

Elinaike alikusanya mdomo. Ilimchukua muda. "Na mimi?" akasema.

Anande akajifanya hajasikia. Akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Ijumaa alikuja Mama Ndeshi na gunia lake. Lilikuwa linakuja kwa mara ya tatu, na foleni nzima ilijua. Mama Ndeshi alikuwa mwanamke mkavu, mwenye miguu ya kupanda milima na ulimi usiopumzika. Mara ya kwanza kahawa yake ilikuwa na unyevu wa asilimia kumi na tano, na chama hakipokei zaidi ya kumi na mbili. Akaambiwa akaanike. Akarudi baada ya siku mbili za jua kali, kipimo kikasoma kumi na mbili na nusu, akatoka akiimba, siku moja tu ya jua imebaki. Kisha ukungu ukashuka siku tatu. Sasa Anande alichukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji wa kutolea punje, akalichoma gunia juu, akalichoma katikati, akalichoma chini. Akachanganya punje, akauma moja kwa meno kwa mazoea, akaweka zilizobaki kwenye kipima unyevu. Kumi na tatu na nusu.

"Haiwezekani!" Mama Ndeshi akasema. "Ruwa wangu, Mungu wangu! Imepandaje? Nimeanika, nimeanua, nimegeuza, mgongo umekatika. Kipimo chako kina wazimu."

"Kipimo ni kizima, mama."

"Basi kahawa yangu ina laana. Leo naipeleka jikoni, naikausha kwa moto, tumalizane."

"Ukipeleka kwenye moto unaiua," Anande akasema. Sauti ilimrudia, ile ya kazini, na ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kusema jambo analolijua. "Itakauka nje ndani ibaki na maji, ipasuke, na hakuna atakayeinywa. Sikiliza. Ile mara ya pili uliyotoka hapa unaimba, yaliyokuwa yametoka ni maji ya juu, yale ya kuoshea. Hayo yanakimbia hata kwa jua la kuchungulia. Yaliyobaki yako ndani ya punje, na hayo yanatoka taratibu. Halafu ukungu umerudisha kidogo. Kahawa haijaharibika na wewe hujakosea. Anika. Ukungu ukija funika, ukiondoka funua. Na usiniletee kipimo cha siku moja ukaniambia ndiyo kahawa."

Watu wakaguna kukubali. Maneno yalikuwa mazuri, na yeye mwenyewe aliona ni mazuri. Lakini Mama Ndeshi hakuwa amekuja kusikiliza mahubiri. Alikuwa amebeba gunia mara tatu. Akaweka mikono kiunoni.

"Unajua kusema, Anande. Jumatatu nilikuwa wa kwanza kwenye foleni hii. Mlango wako una ufa. Nilikuona umesimama juu ya mizani hiyo unalia kama umefiwa, na siku ile kwenye kwaya ulikuwa unamfundisha Mama Fue msimamo. Leo nasikia kwa jirani yako umeshaacha. Sasa niambie. Gunia langu unalichoma bambo mara tatu kabla hujafungua mdomo. Wewe umejichoma mara moja, ukajikataa."

Hakuna aliyecheka. Hata wale wa mwisho wa foleni, ambao kwa kawaida hucheka kabla ya kuelewa, waliangalia magunia yao. Mama Ndeshi mwenyewe akaonekana kama mtu aliyetupa jiwe likapiga mahali ambapo hakulenga. Anande aliandika kile kikaratasi, kahawa irudi ikaanikwe, akampa kwa mikono miwili. "Asante, mama," akasema. Akaita, "Anayefuata." Akapima magunia ishirini na moja siku ile, na yote aliyachoma mara tatu. Na mwenye lile gunia la Jumatano, ambalo alilipitisha bila kulipima, alimwita kando, akamwambia ukweli, akalipima upya.

Lakini usidhani kilichomuuma zaidi kilikuwa Jumatatu. Mchana, akiwa peke yake ghalani, ilimjia kwamba kosa lilianza mapema zaidi. Lilianza siku ya saba, siku ya kilo tatu, siku ya kuzungushwa mbele ya kwaya. Alikuwa amejisifia maji. Alisimama mbele ya wanawake wazima akajivunia maji ya juu, yale yanayokimbia hata kwa jua la kuchungulia, akamwita mwenzake mvivu kwa sababu ya maji. Mtu anayeiamini mizani ikimsifu hana haki ya kuiita mwongo ikimsuta, na hana haki ya kujiita mwongo yeye pia. Alipaswa kuihoji ilipopanda, na alipaswa kuihoji zaidi iliposhuka.

Alimpigia simu Zuwena akamweleza yote, na yale ya kutokunywa maji. Zuwena alimpa maneno makali kwanza, kwamba mtu wa presha anayejinyima maji huku anakunywa vidonge anatafuta kuanguka, sio kupungua. Kisha akapoa, akacheka. "Dada, hicho kipande cha mbuzi ulikipima?"

"Gramu themanini."

"Gramu themanini zimekuongezea karibu kilo mbili? Huyo mbuzi wa wapi, nami nikamnunue?" Akamweleza. Mtu akipunguza chakula, mwili hutumia kwanza akiba yake ya wanga, na akiba hiyo huwekwa na maji mengi, kwa hiyo ikitoka na maji hutoka. Ndizo zile kilo za wiki ya kwanza. Chumvi ya supu huyashika maji siku mbili tatu, kisha huyaachia. Mwanamke ana siku zake, tumbo lina siku zake. Mafuta yenyewe hutoka pia, lakini polepole, na yanapita chini ya kelele hizo zote kama mtu mpole kwenye baraza la ukoo. "Nilikuambia uniletee namba zote," Zuwena akasema. "Ulifikiri nataka za nini? Za kupamba ukuta?"

Jioni Anande alivuta lile boksi kutoka chini ya kitanda. Hakutoa hotuba na hakuapa. Alichukua daftari, akajumlisha namba za siku saba za kwanza akazigawa kwa saba. Akafanya vivyo hivyo kwa wiki ya pili, pamoja na ile Jumatatu ya msiba, pamoja na ile Jumanne ya uongo, kwa sababu uongo wake nao ulikuwa sehemu ya gunia. Wastani wa wiki ya pili ulikuwa chini ya wa kwanza. Si kwa sana. Kwa nusu kilo na kidogo. Akamwonyesha Elinaike namba mbili zile, na Elinaike, mwalimu wa darasa la tatu, akaomba kalamu kwa mkono wa kushoto, akarudia ile hesabu ya kugawanya pembeni, kwa tarakimu zilizolala ubavu. Akaitikia kwa kichwa. Hesabu ilikuwa sahihi.

Jumapili Anande alimtafuta Mama Fue baada ya ibada akamwambia, "Yale niliyokuambia yalikuwa upuuzi. Zilikuwa kilo za maji." Mama Fue akamtazama, akasema, "Nilijua, mwaya. Mimi nimeshapungua kilo hizo hizo mara sita." Wakacheka mpaka mchungaji akageuka.

Wiki ya tatu ilishuka kidogo. Ya nne haikushuka kabisa. Ya tano ikashuka kama imekumbuka. Katikati ya kila wiki mizani ilipanda na kushuka kama inavyotaka, na kila asubuhi Anande aliandika namba, akashuka, akavaa viatu, akafungua mlango wa ghala. Zile siku alizokula zaidi ya kiwango aliandika pia, maana zilikuwepo. Watu waliacha kumzungusha. Hakuna anayeshangilia nusu kilo. Siku moja tu, wiki ya tisa, alipomnyanyua Elinaike kutoka kitandani, aligundua kwamba amefika kwenye kiti bila kusimama njiani kuvuta pumzi. Hakumwambia mtu.

Miezi mitatu ikaisha. Asubuhi ya kwenda kliniki mizani ya ghala ilisoma karibu kilo moja zaidi ya jana yake. Mwezi wa kwanza namba hiyo ingembakisha nyumbani, akasingizia mvua. Aliiandika. Akamsukuma dada yake mpaka kliniki, akapanda mizani ya Zuwena mbele ya foleni, na Zuwena akakunja uso. "Nilitegemea iwe chini ya hapa."

"Sijapata choo tangu juzi, nesi," Anande akasema, kwa sauti ile inayofika mwisho wa foleni. Benchi zima likaangua kicheko. Anande akafungua daftari, akamwekea mezani namba tisini na mbili, nzuri na mbaya, hakuna iliyofutwa, na chini ya kila wiki namba moja yenye mstari. Zuwena alizipitia kwa kidole hadi mwisho. Kisha akamfunga kipimo mkononi, akapima, akapima tena kama siku ile ya kwanza. Mia na thelathini na nane kwa themanini na sita. Hakuongeza kidonge. Akaandika tarehe nyingine, ya miezi mitatu mbele, akampa kadi, na Anande akainama akamfunga dada yake khanga miguuni kwa ajili ya baridi ya njiani.

Basi ninyi mlionisikiliza, sina cha kuwafundisha juu ya kahawa. Nina la kuuliza tu: lile uliloliacha mwaka jana, ukaenda ukitangaza kwamba limekushinda, ulilipima kwa siku ngapi?